Tartareti ya keki na tartareti ya dawa ya presha: je, ni kitu kimoja?

«Mtaalamu, mimi ni mwokaji wa keki hapa Arua. Krimu ya tarta naitumia miaka mingi, kwenye ute wa mayai na kwenye keki za harusi. Mama yangu ana miaka 68, ana presha, na mwaka jana daktari alituambia figo zake zimeanza kuchoka. Anameza metoprololi ya miligramu 50 asubuhi na jioni, na losartani mara moja kwa siku. Juzi nilisoma boksi la metoprololi nikaona limeandikwa tartareti, jina lilelile lililo kwenye kopo langu la jikoni. Wakati huohuo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo umeingia ujumbe kwamba vijiko viwili vikubwa vya krimu ya tarta kwenye maji ya ndimu kila asubuhi vinafungua choo, vinasafisha mishipa na kushusha presha. Mama hukaa siku tatu nne bila choo, na sasa anataka kujaribu. Anasema kama kitu hicho kimo kwenye dawa yake, basi hakina neno. Mjomba wetu wa Pakwach naye anakataza kabisa. Anasema zamani chumvi hiyohiyo walidungwa wagonjwa wa kichocho na wengine wakafa nayo. Nani ana haki? Jambo lingine: mwezi huu duka la dawa halikuwa na boksi lake la kawaida, wakampa metoprololi saksineti, wakasema ni ileile. Mama huponda vidonge kwenye uji kwa sababu vinamkwama kooni. Na keki zangu, niache kumlisha?»

Dada yangu, kabla ya maelezo yoyote, kuna mambo mawili ya kufanya leo. La kwanza, mama asinywe vijiko hivyo vya krimu ya tarta, hata nusu yake. La pili, asiponde tena vidonge vya boksi jipya. Kama tayari amekunywa mchanganyiko ule, hata mara moja, usisubiri umalize kunisoma. Mpeleke hospitali leo apimwe potasiamu ya damu. Kama bado, kaa nieleze, maana swali lako lina mafundo manne na kila moja linafunguka peke yake.

Wasiwasi wako naona umetokana na jina moja kuonekana mahali patatu: jikoni, kwenye boksi la dawa, na kwenye kumbukumbu ya mjomba. Mama ameona jina limefanana akatulia. Mjomba ameona jina limefanana akaogopa. Wote wawili wametazama upande uleule wa chumvi hiyo, na huo ndio upande usio na habari nyingi.

Asidi ya tartariki ni asidi ya matunda. Imejaa kwenye zabibu, na imejaa zaidi kwenye ukwaju. Ule ukali unaokunja uso ukilamba ukwaju mbichi sehemu kubwa ni yake. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga mwaka 1769 kutokana na utando mgumu unaoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Asidi hii ikiungana na kitu kingine, iwe madini au dawa, hupatikana chumvi yake, na chumvi hiyo huitwa tartareti. Kwa hiyo tartareti haiji peke yake, daima ina mwenzake. Boda ileile hubeba mwanafunzi asubuhi na mtungi wa gesi mchana. Ukitaka kujua kama kuna hatari barabarani, unatazama kilichopakiwa. Kwenye kopo lako kilichopakiwa ni potasiamu. Kwenye boksi la mama ni metoprololi. Kwenye sindano anayoikumbuka mjomba kilikuwa antimoni. Hivi ni vitu vitatu visivyohusiana kabisa.

Tartareti yenyewe, kwa kiasi cha chakula, mwili huivumilia vizuri. Sehemu ndogo hufyonzwa na kutoka kwenye mkojo, na iliyobaki huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliipitia upya asidi hii na chumvi zake, ikaweka kiwango cha hadi miligramu 240 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kamati ya kimataifa ya FAO na WHO, miaka mingi kabla yake, ilikuwa imeweka miligramu 30. Hata ukishika kiwango hicho kikali zaidi, mtu wa kilo 60 anapata gramu 1.8 kwa siku bila tatizo. Vijiko viwili vikubwa vya ujumbe wa WhatsApp ni karibu gramu 18 za krimu ya tarta, na ndani yake tartareti peke yake inazidi gramu 14. Lakini kwa mama yako, hilo bado ndilo dogo.

Kubwa ni potasiamu.

Kijiko kimoja cha chai cha krimu ya tarta, takriban gramu 3, kina miligramu 500 hadi 600 za potasiamu. Vijiko viwili vikubwa ni sawa na vijiko sita vya chai, kwa hiyo glasi ile moja inabeba miligramu 3,000 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima mwenye afya apate angalau miligramu 3,510 kwa siku nzima kutoka kwenye chakula. Mama angemeza karibu zote kwa mkupuo mmoja, tumbo likiwa tupu, halafu aendelee na matoke yake, maharage yake na viazi vyake vitamu, ambavyo vyote vina potasiamu.

Kwa nini hilo ni hatari? Sehemu kubwa ya potasiamu ya mwili inakaa ndani ya seli. Nje, kwenye damu, inatakiwa iwe kidogo sana, kati ya 3.5 na 5.0 kwenye kipimo cha maabara. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayozipa seli za moyo umeme wake. Potasiamu ya damu ikipanda kupita 6, umeme huo unavurugika: moyo unaanza kwenda polepole au kupoteza mpangilio, na ukiachwa unaweza kusimama. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mgonjwa mara nyingi hahisi chochote mpaka mambo yameshaharibika. Anaweza kuona miguu mizito tu, au udhaifu anaoulaumu uzee.

Mtu mwenye figo nzima akizidisha, figo huitoa ziada kwenye mkojo ndani ya saa chache. Mama hana ulinzi huo kamili. Figo zake zimepungua nguvu. Juu ya hilo anameza losartani, dawa nzuri sana kwa presha na kwa figo zenyewe, lakini inapunguza homoni inayoziamuru figo zitupe potasiamu. Kuna na jambo la tatu ambalo wengi hawalijui: figo zikichoka, utumbo mpana husaidia kutoa potasiamu kupitia choo, na mama yako hukaa siku nne bila choo. Njia zote tatu za kutolea mzigo huo zimebana, halafu ujumbe unamwambia aongeze mzigo. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wawili waliomeza krimu ya tarta kwa wingi ili kusafisha tumbo. Potasiamu yao ilipanda kufikia kiwango cha kutishia maisha. Ndiyo maana nimeanza jibu hili kwa kukataza.

Sitaki pia kusema ujumbe ule wote ni uongo, kwa sababu mama atakuuliza, na ukimjibu kwa jazba atauamini zaidi. Kuna chembe mbili za kweli ndani yake. Tartareti kweli inafungua choo: kwa kuwa haifyonzwi vizuri, inabaki kwenye utumbo na kuvuta maji, kinyesi kinalainika. Katika karne ya 17 mfamasia Pierre Seignette wa mji wa La Rochelle, Ufaransa, alitengeneza chumvi ya tartareti yenye potasiamu na sodiamu pamoja, na watu waliitumia kama dawa ya choo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Iliacha kutumika kadiri zilivyopatikana dawa salama zaidi. Kweli ya pili ni kwamba potasiamu husaidia kushusha presha. Lakini faida hiyo inapatikana kwa mtu ambaye figo zake zinaiweza, akiipata kidogokidogo kwenye chakula, huku akipunguza chumvi ya mezani. Kuhusu kusafisha mishipa, hapo hakuna kitu. Tartareti haigusi mafuta yaliyoganda kwenye mishipa, kwa njia yoyote inayojulikana.

Fanya jaribio hili mbele ya mama, pengine litamshawishi kuliko maneno yangu. Chukua glasi ya maji baridi, tia kijiko kimoja cha chai cha krimu ya tarta, koroga dakika nzima. Utaona maji yanabaki na wingu jeupe, kisha unga unatua chini kama tope laini. Mililita mia moja za maji baridi huyeyusha chini ya gramu moja tu ya chumvi hii. Maji yanayochemka huyeyusha karibu mara kumi ya hapo. Anayekunywa anaona maji meupe yasiyo na ukali mkubwa, anadhani amekunywa kitu chepesi, kisha anakoroga tope la chini na kulimalizia. Ndani ya tumbo, kwenye joto, asidi na maji mengi, lile tope linayeyuka lote.

Jaribio hilo lina faida nyingine kwako wewe mwokaji. Sokoni unga huu mara nyingine huuzwa umepimwa kwenye kavera, bila jina. Asidi ya tartariki tupu, au ile ya ndimu, huyeyuka upesi kwenye maji baridi na glasi inabaki safi kabisa. Krimu ya tarta haifanyi hivyo. Kama unga wako umetoweka kwenye maji baridi, huna krimu ya tarta mkononi. Usiuonje ili kuhakikisha. Nunua kopo lenye jina, lenye mtengenezaji na tarehe, hata kama ni ghali kidogo.

Sasa twende kwenye boksi la dawa. Metoprololi ikiwa peke yake haiyeyuki vizuri na si rahisi kuigeuza kidonge. Kwa hiyo watengenezaji huiunganisha na asidi ili wapate fuwele ngumu inayoyeyuka tumboni na kukaa kwenye boksi bila kuharibika. Asidi ya tartariki inafaa kwa kazi hiyo, na molekuli yake moja inashika molekuli mbili za metoprololi. Si dawa hiyo tu: zolpidemu ya usingizi, brimonidini ya matone ya macho kwa wenye presha ya jicho, ergotamini ya kipandauso, na noradrenalini inayotumika vyumba vya wagonjwa mahututi, zote hutengenezwa kama chumvi za tartariki.

Kiasi chake ni kipi? Katika kidonge cha metoprololi tartareti cha miligramu 50, asidi ya tartariki ni kama miligramu 11. Kijiko kimoja cha chai cha kopo lako kina zaidi ya mara mia mbili ya hapo. Hata uji uliotiwa ukwaju kidogo una asidi hiyo kuliko vidonge vya mama vya siku nzima. Na la muhimu zaidi: katika sehemu hiyo ya tartareti ya kidonge hakuna potasiamu hata chembe. Kwa hiyo hoja ya mama kwamba «kama kimo kwenye dawa yangu hakina neno» haisimami. Kilichomo kwenye dawa yake ni kidogo mno, na hakina kile kinachomhatarisha.

Kuhusu saksineti, hapa nina malalamiko na waliokuhudumia. Kusema «ni ileile» ni kusema nusu ya jambo. Dawa yenyewe ni metoprololi, hilo ni kweli, na haikuwa bandia kwa sababu tu ya jina kubadilika. Lakini saksineti kwa kawaida hutengenezwa itoe dawa polepole kwa saa 24, na humezwa mara moja kwa siku. Ile ya tartareti ya kawaida hutoa dawa upesi, ndiyo maana mama aliandikiwa asubuhi na jioni. Miligramu 47.5 za saksineti zina metoprololi sawa na miligramu 50 za tartareti, na baadhi ya watengenezaji huandika 50 moja kwa moja, hivyo kama amepewa nguvu ileile na ameendelea kumeza mara mbili, jumla ya siku haijabadilika sana. Hatari iko kwenye kuponda. Kidonge cha saksineti kikipondwa, ile njia ya kuachia polepole inavunjika, na dawa iliyokusudiwa kutoka siku nzima inaingia kwa wakati mmoja. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka sana, presha ikaanguka, mtu akapata kizunguzungu au akazimia akiinuka kitandani.

Vidonge vingi vya saksineti vina mstari katikati na vinaweza kukatwa nusu hapo, kisha nusu ikamezwa nzima. Soma karatasi ya ndani ya boksi, au muulize mfamasia akuonyeshe. Kuponda na kutafuna hapana. Ile ya tartareti ya kawaida inaweza kupondwa, na kumezwa na chakula ndiyo inavyotakiwa, hivyo uji wake haukuwa na kosa kabla ya boksi kubadilika. Kama mama hawezi kabisa kumeza kidonge kizima, hilo ndilo la kumwambia daktari, ili ama arudishiwe tartareti ama apewe dawa nyingine. Usimwachishe metoprololi ghafla kwa hofu. Dawa za aina hii zikikatwa siku moja, moyo unaweza kurudi kwa kasi na presha kupanda kuliko mwanzo, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hilo linaweza kuleta shambulio. Kubadilisha ni kazi ya daktari, naye atatazama pia sababu ya kuandikiwa: kama ni moyo uliopungua nguvu ya kusukuma damu, saksineti ndiyo iliyofanyiwa utafiti mkubwa ikaonekana kupunguza vifo, na huenda akaamua ibaki hiyo.

Mjomba wa Pakwach asipuuzwe. Anayoyakumbuka yalikuwepo. Mwaka 1918 daktari John Christopherson, akifanya kazi Khartoum, alichapisha matokeo ya kutibu kichocho kwa sindano za tartareti ya antimoni na potasiamu, na kwa miongo mingi baadaye hiyo ndiyo iliyokuwa tiba sehemu nyingi za Afrika. Ilidungwa polepole kwenye mshipa, mara nyingi, kwa wiki kadhaa. Wagonjwa walikohoa, walitapika, na wengine moyo uliathirika na wakafa. Iliyowaua ni antimoni, madini yenye sumu ya ukoo mmoja na aseniki. Tartareti ilitumika kuiyeyusha tu ili ipite kwenye sindano. Kule Misri kampeni za sindano hizo ziliacha msiba mwingine: sindano zilitumiwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa vya kutosha, na homa ya ini aina ya C ikaenea kwa watu wengi sana. Krimu ya tarta ya kopo halali haina antimoni kabisa. Leo kichocho kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, ambavyo Uganda imekuwa ikivigawa kwa jamii za kando ya Nile na maziwa tangu mwaka 2003. Mwambie mjomba kwamba kumbukumbu yake ni sahihi, na kwamba vidonge vikifika kijijini ameze bila hofu ya zile sindano.

Keki zako, dada, endelea kuoka. Keki yenye kijiko kimoja cha chai cha krimu ya tarta, ukiikata vipande ishirini, kila kipande kinapata miligramu 25 au 30 za potasiamu, wakati sahani ya matoke ina mamia. Kipande kimoja siku ya sherehe hakimdhuru mama kwa sababu ya krimu ya tarta. Ukichanganya krimu ya tarta na magadi soda, gesi inayoinua keki inatoka, na kinachobaki ndani ni chumvi ileile ya Seignette, lakini kidogo mno kwa kila kipande kuweza kumharisha mtu. Huo uwiano wa vijiko viwili vya krimu kwa kimoja cha soda unaotumia waokaji una hesabu yake: kwa kiasi hicho asidi humaliza sehemu kubwa ya soda, ndiyo maana keki haibaki na ladha ya sabuni. Na kwa kuwa gesi nyingi hutoka mara tu unga unapolowa, usiache mchanganyiko ukisubiri umeme urudi. Washa tanuri kwanza.

Utasikia watu wakikushauri uhamie bekingi pauda ya kopo kwa ajili ya mama. Angalia kwanza kilichomo. Nyingi hutumia chumvi za fosfeti badala ya krimu ya tarta, na fosfeti za kuongezwa kwenye chakula hufyonzwa sana na ni tatizo la wagonjwa wa figo pia. Kwa mama, mimi ningebaki na krimu ya tarta kidogo. Kwenye ute wa mayai unaweza kutumia matone ya ndimu badala yake, povu litasimama vilevile.

Na kwa kuwa unaoka keki za matunda: mabaki yenye zabibu kavu usimtupie mbwa. Madaktari wa mifugo wa Marekani tangu mwaka 2021 wanaishuku asidi ya tartariki kuwa ndiyo inayoua figo za mbwa wanaokula zabibu, na ukwaju na krimu ya tarta vimewadhuru vilevile. Mbwa hawaitoi mwilini kama sisi.

Tatizo la choo la mama bado lipo, na halitatoweka kwa kukataza tu. Kwanza tafuta chanzo. Anameza vidonge vya madini ya chuma? Dawa ya maumivu yenye kodeini? Dawa ya presha ya tatu ambayo hukuitaja? Zote hizi zinaweza kufunga choo. Na ukiwa hapo kagua kama ananunua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti; hizo zinaziumiza figo na kupandisha potasiamu, na kwa mama zinapaswa kuachwa mpaka daktari aseme. Maji anakunywa kiasi gani? Kama hajaambiwa apunguze maji kwa sababu ya moyo au kuvimba miguu, ayaongeze. Atembee kidogo kila siku. Aende msalani baada ya chai ya asubuhi, utumbo ukiwa umeamka, na aweke miguu juu ya kigoda kidogo kama choo ni cha kukaa.

Uji wa mtama au wa ulezi wenye ukwaju, kama unavyopikwa kwenu kaskazini, unaweza kumsaidia. Ukwaju nao una potasiamu, kama miligramu 630 katika gramu mia za nyama yake, lakini kijiko kimoja kwenye uji ni kidogo. Asifanye juisi nzito ya kunywa jagi kwa siku. Mboga, parachichi na papai ni vizuri kwa choo, ila kwa figo zilizochoka kiasi chake kinategemea kipimo cha potasiamu, kwa hiyo kisubiri.

Dawa ambayo ningeitazama kwanza ni laktulosi. Inavuta maji kwenye utumbo kwa njia ileile tartareti inavyofanya, lakini haina potasiamu, na haizisumbui figo zilizochoka. Huchukua siku moja hadi mbili kuanza kazi, na mwanzoni hujaza gesi tumboni, mwambie mama mapema asishtuke. Sena au bisakodili zinaweza kutumika siku chache, si kila siku bila kusimamiwa. Maziwa ya magnesia na chumvi nyingine za magnesiamu, ambazo wauzaji wengi wanazipendekeza, kwa mama hapana: magnesiamu pia hutolewa na figo, ikikwama inalegeza misuli na kushusha pumzi.

Asisubiri miadi kama choo kina damu au ni cheusi kama lami bila kuwa anameza madini ya chuma, kama amekonda bila sababu, au kama choo kilibadilika ghafla uzeeni na hakijarudi. Tumbo likivimba, akitapika na hata upepo hautoki, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo. Vilevile akizimia, akipumua kwa shida, mapigo yakienda chini ya 50 kwa dakika, yakiruka ruka, au miguu ikiwa mizito ghafla kama si yake. Hapo boda isiwe shida, tafuta gari, mpeleke hospitali ya rufaa ya Arua, na useme mlangoni kabisa kwamba ana figo zilizochoka, anameza losartani, na unahofia potasiamu. Sentensi hiyo itamfanya daktari aagize kipimo cha umeme wa moyo kabla ya mambo mengine.

Kama hana dalili yoyote kati ya hizo, mpeleke ndani ya wiki hii. Beba maboksi yote mawili ya metoprololi, la tartareti na la saksineti, pamoja na losartani na kila kitu kingine anachomeza, hata mitishamba. Hesabu mapigo yake asubuhi akiwa amekaa, kabla ya dawa, na uyaandike kwa siku chache hizo. Omba apimwe kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, pamoja na potasiamu na sodiamu. Kisha muulize daktari maswali matatu: abaki na tartareti au saksineti, vidonge avimeze vipi ikiwa vinamkwama, na laktulosi aanze na mililita ngapi.